Baharia wa Likoni auliza: mbona Malabo hawaandamani?

SWALI: Shikamoo Maalim. Mimi ni kijana wa Likoni, nafanya kazi ya ubaharia kwenye meli za gesi. Mwaka huu tumepakia mara mbili Malabo, Guinea ya Ikweta. Usiku ukiwa nje ya bandari unauona moto wa gesi ukiwaka pale Punta Europa, utadhani jua limekataa kuzama. Ukishuka mjini kuna majumba na barabara pana, na nyuma yake vibanda vya mabati na kina mama wenye ndoo za maji kichwani. Rais ni yuleyule tangu 1979 na mwanawe ndiye makamu wake. Kila mtu anajua pesa zinakokwenda. Sisi hapa Kenya 2024 tuliingia barabarani kwa sababu ya mswada wa fedha, na ukaondolewa. Wale mbona wametulia? Ni waoga? Na mafuta ya Turkana yakianza kutoka kwa wingi, nasi tutakuwa vile?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo neno "waoga", kwa sababu limenichoma. Watu wa Guinea ya Ikweta walipitia miaka 11 ya Macías Nguema, aliyeua maelfu na kuwafanya wengi mno wakimbie nchi yao. Tarehe 3 Agosti 1979 akapinduliwa na mpwa wake, Teodoro Obiang, na huyo ndiye uliyeikuta picha yake kwenye kuta za Malabo. Watu walionusurika hayo si waoga. Wanatawaliwa na mtu asiyewahitaji, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Ufunguo wa swali lako umeutaja mwenyewe ukaupita: mswada wa fedha.

Wewe ni mtu wa Mombasa, unaijua nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, umeijenga kwa jasho lako, lakini kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi unampelekea kodi yake. Mwenye ardhi huyo halimi wala hauzi, wala haombi shauri lako. Anachohitaji ni hati ya kiwanja na mtu wa kumfukuza asiyelipa. Sasa iweke serikali nzima katika kiti cha mwenye ardhi. Mpangaji wake ni kampuni ya kigeni iliyosimamisha jukwaa la kuchimba baharini, inayolipa mrabaha, yaani fungu la kila kinachochimbwa, na mgao wake moja kwa moja hazina. Mwananchi hayumo katika hesabu hiyo hata kama mpangaji. Mwanauchumi wa Iran, Hossein Mahdavy, aliieleza hali hii mwaka 1970 akiitazama nchi yake mwenyewe, na tangu hapo wataalamu wameendelea kuichimbua.

Linganisha na askari wa kaunti anayekata risiti soko la Kongowea asubuhi. Wachuuzi wakikaa nyumbani siku tatu, kitabu chake cha risiti ni karatasi tupu. Anawahitaji waje, wauze, wapate. Serikali inayokula kutoka mifuko ya watu wengi hulazimika kuwasikia, hata kwa shingo upande. Mwaka 2024 Nairobi ilitaka kuongeza kodi hadi kwenye mkate, na kila mtu akajua ni mkono wa nani ulioingia mfukoni mwake. Vijana wengi walipoteza maisha, jambo ambalo halijanitoka moyoni hadi leo, lakini mswada ulirudi nyuma. Sasa jiulize kuhusu Malabo: siku ile mlipopakia, mlihitaji watu wangapi wa mjini ili meli ijae? Mji mzima ungegoma, gesi ingeendelea kutiririka.

Kuna na upande wa mkono mtamu. Mwaka 2011, upepo wa maandamano ulipovuma nchi za Kiarabu, Mfalme Abdullah wa Saudia alitangaza matumizi ya takriban dola bilioni 130 za Marekani: nyumba, ajira, nyongeza za mishahara. Kuwait ikampa kila raia dinari 1,000 na chakula cha bure kwa zaidi ya mwaka. Ndugu zetu walioko kazini huko watakwambia, raia wa pale halipi kodi ya mshahara na matibabu ni bure. Ni raha, sikatai. Lakini asiyelipa ni vigumu kudai hesabu, na aliyepewa zawadi hujifunza kushukuru.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni ufisadi, na hapa ndipo wengi wanapopotea njia. Tumezoea kuuona ufisadi kama tundu kwenye ndoo: serikali inachota, maji yanavuja, siku moja ndoo itakuwa tupu na mtawala ataanguka. Katika nchi za namna hii ufisadi ndio kamba inayoishika ndoo. Hakuna mtu anayetawala peke yake. Anahitaji jenerali, jaji, mkuu wa benki, mhariri, chifu wa kila kijiji. Mkono mtupu haulambwi. Mshahara haumfungi jenerali, kwa kuwa mshahara ni haki yake kisheria na hata rais mwingine angemlipa. Kinachomfunga ni ruhusa ya kuiba. Alichoiba ni chake maadamu bwana wake yupo, na faili la wizi huo limo kwenye mtoto wa meza ya bwana wake. Amefungwa kamba mbili, moja tumboni na moja shingoni. Ndiyo maana katika tawala hizi utasikia kila baada ya muda waziri fulani kakamatwa kwa ufisadi. Wote wanakula, amekamatwa yule aliyeanza kuonekana ana mawazo yake. Mobutu wa Zaire aliwahi kuwaambia watu wake hadharani kwamba wakiiba, waibe kwa akili, kidogo kidogo. Alikuwa akitoa leseni.

Turudi Malabo. Kisima kikubwa cha Zafiro kiligunduliwa 1995. Mwaka 2004 Baraza la Seneti la Marekani lilipochunguza benki ya Riggs ya Washington, lilikuta akaunti na amana zaidi ya 60 za serikali ya Guinea ya Ikweta, viongozi wake na jamaa zao, zenye karibu dola milioni 700. Pesa nyingine ziliingizwa kwa noti taslimu, ndani ya masanduku. Kampuni za mafuta zilikuwa zikilipa kodi za majengo na viwanja kwa jamaa za rais, na mmoja wa wenye mali hao alikuwa mtoto wa miaka 14. Nilipokuambia habari ya mwenye ardhi hukudhani ni kweli kwa kiasi hicho, sivyo? Mwanawe, Teodorin, akiwa waziri wa misitu na kilimo kwa mshahara wa chini ya dola 100,000 kwa mwaka, alinunua kasri la Malibu, jumba la Avenue Foch mjini Paris, na glavu ya Michael Jackson. Mahakama ya Paris ilimtia hatiani mwaka 2017. Alikuwa tayari ni makamu wa rais, na bado ni makamu wa rais.

Tazama pia nani alipewa kulinda mlango. Kwa miaka mingi walinzi wa karibu wa Obiang walitoka Moroko. Askari asiye na shangazi mjini hasikii kilio cha mtu mjini. Kuwalipa kunahitaji pesa za kigeni, na hizo zinatoka baharini, kule ulikofunga nanga.

Usidhani haya ni mambo ya nchi za mbali tu. Mfano unaonigusa zaidi uko karibu nasi mno, na hauna hata tone la mafuta. Ni karafuu.

Nilikulia Mji wa Kale. Utotoni kwangu kulikuwa na nyumba ambazo ukipita mlangoni unapokewa na harufu ya karafuu, na watoto tulifundishwa tusiulize zimetoka wapi. Zilitoka Pemba, usiku, kwa mashua na ngalawa, zikashushwa Vanga au Shimoni. Waliozivusha walikuwa wanahatarisha roho zao, maana utawala wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 ulifanya magendo ya karafuu kuwa kosa la kunyongwa. Kwa nini mtu anyongwe kwa gunia la viungo? Kwa sababu gunia hilo ndilo lililokuwa hazina. Mkulima alilazimika kuiuzia serikali peke yake, kwa bei iliyopangwa na serikali, nayo ikauza nje kwa bei ya dunia iliyokuwa mara nyingi zaidi ya ile. Indonesia ilikuwa ikinunua kwa wingi kwa ajili ya sigara zake za karafuu. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo ilikuwa kisima.

Na kama kila kisima, kiligawa mkate na fimbo. Sitaki kumdhulumu Mzee Karume: watu walipewa eka tatu tatu, shule na hospitali zikawa bure, mabloki ya Michenzani yakasimama, wazee wakapewa makao. Kuna watu wanaomwombea hadi leo na nina sababu ya kuwaheshimu. Lakini Pemba, palipotoka karafuu nyingi zaidi, wanakumbuka siku za bakora, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu walipanga foleni za chakula huku kisiwa kikiwa na akiba ya fedha za kigeni. Uchaguzi haukuwepo. Zanzibar ilikaa miaka 16 baada ya Mapinduzi kabla ya kupiga kura, hadi 1980. Miaka hiyohiyo ya 1980 Indonesia ikaanza kujitosheleza kwa karafuu zake, bei ikaporomoka, na 1984 serikali ya Zanzibar ikafungua biashara ya kuingiza bidhaa kwa watu binafsi. Sisemi karafuu peke yake ndiyo ilifunga na kufungua milango. Siasa za Muungano nazo zilikuwa na nguvu zao. Nasema mti uleule uliolipia shule ulilipia na bakora, na mkulima aliyeupanda hakuwa na sauti juu ya lolote kati ya hayo.

Basi pesa zikikauka utawala huanguka? Mara nyingine. Sudan ilianza kusafirisha mafuta nje mwaka 1999 na Omar al-Bashir akanenepesha jeshi na wapambe. Mwaka 2011 Kusini ikajitenga, ikaondoka na takriban robo tatu ya mafuta. Akajaribu kuziba pengo kwa dhahabu, lakini mwaka 2017 machimbo ya Jebel Amer yakaingia mikononi mwa Hemedti, mkuu wa kikosi cha wanamgambo, na wapiganaji wake. Desemba 2018 mkate ukapanda bei mara tatu, watu wakajaa mitaani, na tarehe 11 Aprili 2019 majenerali wake mwenyewe wakamtoa. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Lakini kilichofuata unakijua: wale wenye bunduki na visima vyao wenyewe walianza vita Aprili 2023, na Khartoum ikawa magofu. Mtawala aliondoka, lango la mapato ya nchi likabaki bila watu waliozoea kulisimamia kwa pamoja.

Labda utasema dawa ni sheria nzuri. Nami niliamini hivyo, hadi nilipoifuatilia Chad. Benki ya Dunia ilikubali kusaidia bomba la kilomita 1,070 kutoka Doba hadi Kribi, Cameroon, kwa sharti la sheria ya mwaka 1999: asilimia 10 ya mapato iwekwe akiba kwa vizazi vijavyo, sehemu kubwa iende elimu, afya, barabara na maji, na kamati yenye raia ndani yake isimamie. Haikuwa sheria mbaya. Lakini mwaka 2000, kabla hata pipa la kwanza halijatoka, Rais Idriss Déby alichukua zaidi ya dola milioni 4 kutoka malipo ya kusaini mkataba akanunua silaha. Mafuta yakaanza kutoka 2003. Mwaka 2005 akafuta ukomo wa mihula, na mwishoni mwa mwaka huohuo bunge lake likaibadilisha sheria: akiba ya vizazi ikafutwa, na "usalama" ukaongezwa kwenye orodha ya vipaumbele. Benki ya Dunia ikasimamisha mikopo, yeye akatishia kufunga bomba, wakapatana kwa muda, na Septemba 2008 akalipa deni lote na Benki ikaondoka. Alitawala hadi alipouawa vitani Aprili 2021, na kiti akakalia mwanawe. Sheria iliandikwa na watu waliosoma, wenye nia njema. Kilichokosekana ni Mchad yeyote ndani ya nchi mwenye nguvu ya kumwambia Déby hapana na akaamka salama kesho yake.

Botswana ndiyo inayonipa moyo. Almasi za Orapa ziligunduliwa 1967, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, lakini tayari palikuwa na bunge, mahakama, na desturi ya kgotla ambako mtu wa kawaida humwambia mkubwa wake neno lake usoni. Chama kilekile kilitawala miaka 58, na kasoro zake ni nyingi. Mwaka 2024 soko la almasi lilipolegea, wapiga kura wakakitoa, na rais akakabidhi ofisi bila risasi hata moja. Kinachokuja kwanza ndicho kinachotawala kinachofuata: wasimamizi wakitangulia almasi, almasi huingia katika hesabu, almasi zikitangulia, zitawanunua wasimamizi.

Sasa Kenya. Wewe unaogopa mafuta ya Turkana. Mimi nakukumbusha kwamba sisi tuliwahi kuonja maradhi haya bila hata kuwa na mali yenyewe. Kati ya 1990 na 1993 kampuni ya Goldenberg ilipewa haki ya peke yake ya kuuza nje dhahabu na almasi za Kenya, na serikali ikailipa fidia ya asilimia 35 juu ya kila mauzo. Almasi hatuna. Dhahabu tulikuwa nayo kidogo sana. Makaratasi ya mauzo yaliandikwa, na mabilioni ya shilingi yakatoka Benki Kuu. Desemba 1992 ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960, na noti mpya za shilingi 500 zilimwagika hadi watu wakazibandika jina la kiongozi wa vijana wa kampeni ya chama tawala, KANU. Hapa Mombasa chama cha Kiislamu cha IPK kilinyimwa usajili, na kikazuka kikundi cha kukipinga mitaani. KANU ikashinda kwa kura chache zaidi ya theluthi moja, mwaka uliofuata bei zikapaa, na mama zetu wakaanza kupima unga kwa kikombe.

Aliyeutoa wizi huo hadharani alikuwa karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei. Aliyaona makaratasi hayaendani na akayafikisha kwa wabunge. Mwaka 1993 akakamatwa, akafukuzwa kazi, na akakimbilia mji huu huu wetu, akaishi kwa miaka kati yetu, watu wakipishana naye bila kujua ni nani. Alipata tuzo ya kimataifa ya uadilifu 2004, akafariki 2006, na kazi yake hakurudishiwa.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu Turkana ni hili: si lazima tuwe vile, kwa kuwa mafuta yametukuta tayari tunalipa kodi na kupiga kelele. Kisima cha Ngamia 1 kiligunduliwa Machi 2012. Mwaka 2018 Waturkana waliyazuia malori ya mafuta ghafi barabarani wakidai usalama na ajira, na malori yakasimama. Mtu wa Malabo hana barabara ya kuziba, mafuta yake yako baharini. Agosti 2019 mapipa 200,000 ya kwanza yalipakiwa hapa kwetu. Sheria ya mwaka huo inaipa kaunti asilimia 20 na jamii ya pale asilimia 5. Lakini karibu na kwenu, titani ya Kwale ilianza kupakiwa Likoni mwaka 2014, Sheria ya Madini ya 2016 ikawaahidi wanakijiji asilimia 10 ya mrabaha, wakakaa miaka wakiidai, na Desemba 2024 mgodi ukafungwa. Wasiwasi wangu uko hapo, kwenye muda kati ya sheria kuandikwa na pesa kumfikia mtu. Fisadi huishi ndani ya muda huo.

Nami nina ombi kwako. Mafuta ya Turkana yakianza kupita Changamwe kwa wingi, yatahesabiwa na watu wa mji huu: wapima matangi, makarani wa forodha, mabaharia kama wewe. Mkataba naweza kuusoma. Ninachotaka kujua ni jinsi mzigo unavyohesabiwa pale Malabo, nani anasoma kipimo cha tangi, nani anatia saini, nakala ngapi zinabaki melini na ngapi zinabaki nchi kavu. Ukirudi likizo, vuka feri, uje Mji wa Kale baada ya Alasiri. Uje na kalamu, tuichore hatua kwa hatua.